Nyumba Moja, Ofisi Nyingi: Tathmini ya Huduma za Usalama wa Makazi Dar es Salaam

Mkazi wa Dar es Salaam anayetaka kuilinda nyumba yake na watu wanaoishi ndani yake hategemei ofisi moja. Moto ukizuka anapiga 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mwizi akiingia anapiga 112 kwa polisi, au anawaita vijana wa ulinzi shirikishi ambao ndio huwa karibu zaidi. Gari la msaada likihitaji kuelekezwa, ipo anwani ya makazi iliyobandikwa ukutani. Na nyuma ya yote hayo wapo mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wake, ambao wanafahamu nani anaishi wapi. Huduma hizi nimezitumia kwa miaka mingi, kwanza nikiwa mpangaji katika nyumba ya vyumba vingi, na sasa nikiwa na familia katika nyumba yenye uzio. Ninaziandikia tathmini kwa sababu naona watu wengi wanazidharau bila kuzijaribu, huku wengine wakizitegemea kwa mambo ambayo haziwezi kuyafanya. Kwa maoni yangu kila moja, ikipimwa peke yake, inastahili alama nzuri. Upungufu uko pale zinapopaswa kukutana, yaani mlangoni na madirishani mwa nyumba ya mtu wa kawaida.

Nianze na Zimamoto. Kabla ya Sheria ya Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, kazi ya kuzima moto mijini ilikuwa mikononi mwa halmashauri, kila moja kwa uwezo wake. Leo lipo jeshi moja la taifa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na wakazi wengi wa Dar wanalifahamu kwa kituo kilicho kando ya Barabara ya Morogoro, kile kilichokipa jina kituo cha Mwendokasi cha Fire. Askari wa zimamoto hukumbukwa siku ya janga, kama moto ulioteketeza Soko Kuu la Kariakoo usiku wa Julai 10, 2021, au jengo la ghorofa lililoporomoka papo hapo Kariakoo Novemba 16, 2024 na kuwafukia watu chini ya vifusi. Kazi yao ninayoipa alama ya juu kabisa haina king'ora: ni elimu wanayoitoa mitaani na shuleni, ambayo wakazi wanaweza kuiomba kwa barua kupitia serikali yao ya mtaa. Mtaani kwetu walikuja kwa mwaliko wa mwenyekiti, hatukutozwa chochote, na sijaona huduma nyingine ya umma iliyobadilisha tabia za majirani zangu kwa haraka kiasi kile.

Somo lilifanyika kwenye uwanja wa wazi jirani na ofisi ya mtaa. Askari aliweka katikati mtungi wa gesi wa kilo 6, akaufungua, akauwasha, na mwali ukapanda kupita kimo cha mtu, hata waliokaa mstari wa mbele wakasogea nyuma na viti vyao. Kisha akachukua blanketi zito lililoloweshwa na kukamuliwa, akalishika kwenye ncha mbili za juu huku vidole vyake vimefichwa ndani ya mkunjo wa kitambaa, akalitanguliza mbele ya uso kama ngao, akausogelea mtungi taratibu na kulilaza juu yake kuanzia upande wake kuelekea mbele. Moto ukafa palepale. Mkono wake ukapenya chini ya blanketi na kuizungusha koki mpaka mwisho. Mama mmoja anayeuza chakula karibu na stendi aliitwa arudie. Akasita, akaelekezwa namna ya kuficha vidole, akafanya, na baada yake foleni ya waliotaka kujaribu ikajipanga yenyewe, wazee kwa vijana.

Maelezo yaliyofuata yalikuwa mafupi na yenye sababu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja haipandi darini bali hutambaa sakafuni na kujikusanya kwenye kona na chini ya makabati, na ndiyo maana kufungua dirisha la juu peke yake hakutoshi na mlango nao sharti ufunguliwe. Harufu yake kali imeongezwa makusudi kiwandani, kwa kuwa gesi yenyewe haina harufu. Mtu akiisikia harufu hiyo asiguse swichi yoyote, iwe ya kuwasha au ya kuzima, kwa sababu cheche ndogo isiyoonekana kwa macho inatosha kulipua chumba; afunge koki, afungue milango, atoe watu, na simu aipigie nje. Anayetaka kujua kama mpira au rejuleta inavuja apake povu la sabuni kwenye viungio na kutazama kama mapovu yanavimba, wala asithubutu kupima kwa kiberiti, jambo ambalo bado linafanyika katika nyumba nyingi na hata mbele ya watoto.

Elimu hii ina uzito wa pekee wakati huu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034, na lengo hilo ninaliunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu moshi wa kuni na mkaa umewaumiza mama zetu mapafu na macho kwa muda mrefu mno, na jiko la mkaa likiachwa linawaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu ambayo humuua mtu usingizini. Lakini mitungi inaingia katika kaya ambazo hazijawahi kuishi na gesi. Imegawiwa kwenye mikutano ya hadhara, ikapigiwa makofi, ikapelekwa nyumbani kwa bodaboda, na mara nyingi aliyeipokea hakuonyeshwa jinsi ya kuifunga rejuleta. Ningependa kila mgao wa mitungi uambatane na dakika 30 za somo kama lile tulilolipata sisi, likitolewa na askari yuleyule aliyevaa sare, kwa sababu watu humsikiliza.

Katika biashara ya vifaa vya kuzimia moto huduma inashuka sana. Maduka ni mengi mjini, na baadhi yanaendeshwa kwa uaminifu, ila mnunuzi asiingie bila kujua anachotafuta. Katika duka moja ambalo sitalitaja nilionyeshwa mtungi ambao kadi yake ya ukaguzi haikuwa na tarehe; nilipouliza, muuzaji alichukua kalamu na kuandika tarehe ya siku hiyohiyo mbele yangu, bila hata kuunyanyua mtungi kuona uzito wake. Niliuacha mezani. Kwa nyumba ya kawaida mtungi wa poda kavu unafaa kwa moto wa aina nyingi, na kwa kawaida hutambulika kwa alama ya bluu kwenye mwili wake mwekundu. Mshale wa kipimo uwe ndani ya eneo la kijani, pini iwe mahali pake na lakiri yake haijakatwa. Ule wa hewa ya ukaa wenye alama nyeusi hauna mshale, hivyo hupimwa kwa mizani. Kutumia mtungi wowote kati ya hiyo miwili ni kuchomoa pini, kuelekeza mdomo kwenye shina la moto, kubana mkono na kufagia kushoto na kulia, huku mtumiaji akihakikisha kuwa mlango wa kutokea uko nyuma yake. Na akumbuke kwamba mtungi mdogo humalizika ndani ya sekunde chache tu.

Sasa niitazame namba 114 yenyewe. Kupiga ni bure, na anayepokea huuliza mambo yanayohitajika: kinachoungua, mahali kilipo, kama kuna watu ndani, na namba ya simu ya mpigaji. Shida huanza baada ya hapo, na si ya askari peke yao. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na wengi wao wanaishi katika maeneo yaliyojengwa kabla ya kupimwa, kama Manzese, Tandale na sehemu kubwa za Temeke, ambako gari kubwa lenye maji halipiti na pengine hata bajaji hupita kwa kukunja vioo vya pembeni. Foleni za jioni zinafahamika. Maji ya gari moja huisha haraka, na mitaa mingi haina bomba la zimamoto la karibu la kujazia upya. Katika hali hiyo kuwatupia mawe askari waliochelewa, kama ilivyowahi kutokea, ni kumwadhibu mtu kwa barabara ambayo hakuichonga yeye. Kinachosaidia ni mtu mmoja au wawili kutumwa mapema kwenye barabara kuu wakaipokee gari na kuitangulia, na wengine kuondoa magari yaliyoegeshwa na meza za biashara njiani kabla haijafika.

Hapo ndipo Anwani za Makazi zinapopaswa kufanya kazi. Operesheni yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Februari 2022, na ndani ya kipindi kifupi mitaa ikapata nguzo za majina ya barabara, nyumba zikapata vibao vya namba, na kila kata ina postikodi yake ya tarakimu tano. Mfumo wake wa kidijitali, unaofahamika kama NaPA, unapatikana kwenye simu na humwongoza mtu mpaka kwenye nyumba anayoitafuta. Kabla ya hapo, kumwelekeza mgeni kulikuwa ni kutaja mwembe, baa, msikiti na duka la Mangi, na mwembe ukikatwa maelekezo yote yanapotea. Nauthamini sana mfumo huu. Hata hivyo, siku za karibuni nilizunguka mtaani kwetu nikiwauliza majirani majina ya barabara zao, na wengi hawakuyajua ingawa nguzo iko mita chache kutoka getini. Vibao vingine vimepakwa rangi pamoja na ukuta, na vingine vimefunikwa na maua ya uzio. Kazi iliyobaki hapa ni ya wakazi zaidi kuliko ya serikali: jina la barabara, namba ya nyumba na namba 114 viandikwe kwenye karatasi na kubandikwa nyuma ya mlango wa jikoni, kwa sababu mtu aliyeshikwa na hofu husahau hata jina la baba yake.

Kuhusu wizi sina mengi ya kulalamikia. Ulinzi shirikishi ulipewa msukumo mkubwa kupitia mpango wa polisi jamii wakati wa Inspekta Jenerali Said Mwema, aliyeshika wadhifa huo mwaka 2006, na mizizi yake ni ya zamani zaidi, katika sungusungu wa Usukumani na Unyamwezini wa miaka ya mwanzo ya 1980. Kwetu kila kaya huchangia kiasi kidogo kwa mwezi, vijana hupita usiku na tochi na filimbi, na mapato husomwa mkutanoni. Panapokosekana kusomwa mapato, mpango hufa, na wakazi wana haki ya kudai hesabu kabla ya kutoa mchango unaofuata. Vijana hawa pia wanapaswa kukumbushwa mara kwa mara kwamba kazi yao ni kumkamata mtuhumiwa na kumfikisha polisi. Kumpiga ni kosa, na mtaa unaolifumbia macho jambo hilo unajiweka katika hatari kubwa kuliko ya wizi.

Hofu ya wizi, hata hivyo, ndiyo iliyotujengea nyumba zinazoweza kutuua. Tazama nyumba yoyote ya Dar es Salaam, kuanzia ya vyumba viwili Mbagala mpaka ya ghorofa Mbezi Beach: kila dirisha lina nondo au grili iliyochomelewa kwenye fremu na kufukiwa kwenye ukuta, mlango wa mbele una geti la chuma na kufuli, mlango wa nyuma una komeo na kufuli jingine, na usiku funguo zote huwekwa mahali ambapo baba au mama peke yake anapajua. Kila chuma kina sababu yake, na siwezi kumlaumu mtu aliyewahi kuingiliwa usiku. Lakini moto unaoanzia sebuleni kwenye ekstensheni iliyobebeshwa friji, televisheni na chaja za simu hukata njia ya mlango wa mbele mapema sana, na moshi wake hutangulia kufika vyumbani kabla ya joto. Watu walio chumbani wanabaki na dirisha, na dirisha ni la nondo. Habari za familia zilizokutwa zimefia ndani, majirani wakiwa nje na nyundo na mitaimbo wakihangaika kung'oa grili, tumezisoma mara nyingi mno kuziita bahati mbaya.

Katika mkutano wa usalama mtaani kwetu nilimsikia msemaji wa ulinzi akihimiza kila mwenye nyumba aongeze kufuli na kuziba mianya, na katika somo la moto nilimsikia askari wa zimamoto akihimiza kila chumba kiwe na njia ya pili ya kutokea. Wote wawili walisema kweli, kwa watu walewale, lakini hawakuwahi kukaa meza moja ili mwananchi aambiwe afanye nini na dirisha lake. Hilo ndilo jambo ninalolikosoa katika huduma hizi kuliko yote. Ukaguzi wa kinga na tahadhari ya moto kwa sehemu kubwa huelekezwa kwenye majengo ya biashara, shule, hospitali na viwanda, na nyumba ya kulala familia huachiwa mwenyewe na fundi wake wa kuchomelea, ambaye huchukua vipimo, huuliza kama mteja anataka maua au mistari, na hawi na habari na moto.

Suluhisho lipo na halihitaji fedha nyingi. Katika kila chumba cha kulala, grili ya dirisha moja ikatwe na kufungwa tena kwa bawaba upande mmoja, ifunguke kuelekea nje, na upande wa pili iwe na komeo linalofikiwa kutoka ndani tu. Kama ni lazima liwe na kufuli, ufunguo utundikwe ukutani karibu na dirisha, mahali ambapo mkono wa mtu aliye nje haufiki na mtoto wa ndani anafikia. Nyumbani kwetu fundi aliimaliza kazi hiyo kwa muda mfupi kuliko tulivyotarajia, na bawaba alizotumia zimechomelewa kwa ndani, kwa hiyo mwizi hana mahali pa kushika. Funguo za milango zibaki mahali pamoja panapojulikana na kila aliyelala ndani, wakiwemo wageni. Milango ya vyumba ifungwe usiku bila kutiwa ufunguo, kwa kuwa mlango uliofungwa huchelewesha moshi kwa dakika zenye thamani kubwa, na anayetoka katika moshi atambae, kwa sababu hewa safi hubaki chini. King'amua moshi kinachotumia betri kinauzwa mjini na hakihitaji fundi. Kitundikwe darini kwenye korido ya vyumba, na kitufe chake kibonyezwe kila mwezi kuhakikisha kinalia.

Kwa upande wa umeme niseme kwa kifupi. TANESCO huleta umeme mpaka kwenye mita, na nyaya za ndani ni wajibu wa mwenye nyumba, ambaye anapaswa kumtumia fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Wengi hufanya hivyo siku ya kwanza ili waungiwe umeme, na vyumba vya uani vinavyoongezwa baadaye huungwa na yeyote mwenye bisibisi. Swichi kuu ya nyumba ijulikane na kila mtu mzima, kwa sababu moto wa umeme humwagiwa maji na watu wasiojua, na maji hayo humrudia aliyeyamwaga.

Ninachopendekeza kwa halmashauri za mkoa huu ni ziara moja ya pamoja badala ya mikutano mitatu inayopingana: askari wa zimamoto, polisi kata, na mtendaji wa mtaa, wakiwa na fundi wa kuchomelea wa hapohapo, waingie katika nyumba chache za mfano katika kila mtaa na waonyeshe hadharani dirisha linalomzuia mwizi na kumtoa mtoto. Kwa wakazi ambao hawataki kusubiri, barua ya kuomba somo la zimamoto iandikwe kupitia mwenyekiti wa mtaa, itaje idadi ya kaya na uwanja uliopo, na iombe siku ya mwisho wa wiki. Mwaliko uwataje waziwazi wadada wa kazi, ambao ndio huwasha majiko ya gesi na kubaki na watoto kutwa nzima milango ikiwa imefungwa, na ambao mikutano ya mtaa haina desturi ya kuwaita. Katika somo letu walikuja wawili tu, na mmoja wao ndiye aliyeuliza swali ambalo hakuna mwenye nyumba aliyelifikiria: afanye nini ikiwa moto umeanza na ufunguo wa geti uko kazini kwa bosi wake. Askari alimjibu kwamba ufunguo huo haupaswi kutoka nyumbani hata siku moja, na akatutaka sisi wenye nyumba tuchonge wa akiba jioni ileile.